Aliniita Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: kumzuilia mtu na kumjeruhi vibaya
Jina la shahidi: limo ndani ya jalada, kazini na mtaani anajulikana kama Mama Sponji
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa makochi, mwenye karakana
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya karakana yake
Yameandikwa: tarehe 16, asubuhi

Mimi ni mtu mzima na akili zangu ni timamu. Afande ameniambia niseme ninayoyajua mwenyewe, si ya kuhadithiwa, na ameniambia pia kwamba silazimiki kusema neno linaloweza kunigeukia. Nimemwelewa. Nitasema yote, na ya kunigeukia yageuke.

Nina karakana ya kutengeneza makochi na kuyavisha upya. Tupo watatu. Mimi nashona na kuvisha. Fremu ni kazi ya seremala mmoja mtu mzima tunayemwita Mzee Randa, mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Wa tatu ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Tunamwita Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake, hata kwenye harusi ya dada yake alikwenda nayo na ipo kwenye picha zote. Ana miaka ishirini na minne. Yeye ndiye hupima na hukata kitambaa, na hakuna anayekata vizuri kama yeye, mimi mwenyewe nikiwemo. Wakati natoa maelezo haya yupo wadi ya upasuaji. Hajafumbua macho tangu juzi. Dada yangu amekaa pembeni ya kitanda na madaktari wanasema tungoje. Kwa hiyo nikitazamatazama simu yangu, afande, usione dharau.

Tangu mwaka uanze, matapeli wa kwenye simu wameuchezea mtaa wetu watakavyo. Mchezo wao ni mmoja. Unapata ujumbe kwa jina la mtu unayemjua, picha yake ipo pale juu, anakwambia kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya, ni zake, umrudishie. Ukirudisha tu umekwisha. Akaunti yako ya ujumbe inakuwa mali yao, wanaanza kuwaandikia watu wako kwa jina lako, na watu wako wanawaamini. Fundi cherehani wa barabara ya pili alirudisha. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa umelizwa hela kwa jina lake, na mama mkwe wake hadi leo hampi salamu.

Mimi sikuwahi kulizwa. Sisemi kwa kujisifu, maana sasa hivi sina cha kujisifia, ila ndivyo ilivyokuwa. Tena nilikuwa nawachezea. Tapeli akiniandikia simfungii, namvuta. Namwambia subiri nitafute miwani. Nampa namba za uongo, moja moja, kwa kukosea. Nikishampotezea muda wake namrekodia sauti ya kumtukana na kumweleza alipokosea mpaka nikamgundua. Sauti hizo nilikuwa nazicheza karakanani, watu wanashika mbavu. Futi peke yake hakupenda. Alikuwa ananiambia, "Mamdogo, tapeli ukishamjua mfungie, basi. Wewe unamfundisha kazi." Nikamwambia aniachie starehe yangu, wenzangu wanatazama mpira.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Alhamisi, asubuhi, simu ya karakana ilipokea ujumbe kutoka namba ngeni. Simu hiyo naishika mimi, na nimeikabidhi kwa afande. Mwenye namba alisalimia kwa adabu, akatuma picha ya kochi la watu watatu lililochakaa mikononi, akasema anataka livuliwe lote livishwe upya, na kwamba anasafiri, kwa hiyo angependa fundi aje kupima siku ileile. Akaelekeza kwake: nyuma ya karakana ya betri, geti la bati la kijani. Nilimkagua kama ninavyowakagua wote. Hakuomba namba. Hakuomba chochote. Alikuwa analeta kazi, na mimi akili yangu yote ilikuwa kwa watu wanaokuja kuomba.

Futi aliitazama ile picha. Akasema, "Mamdogo, huyu hajauliza bei. Hata vitambaa hajataka kuona."

Nikamwambia, "Wapo watu wenye adabu zao."

"Adabu gani ya kununua kitambaa hujakiona?"

Nikamwambia asiniletee uvivu wa asubuhi. Akacheka, akabeba begi la sampuli, akapanda pikipiki ya kukodi akaenda. Alikuwa amevaa shati la kazini la bluu na viatu vyeusi. Nayasema mavazi kwa sababu afande ameuliza, na kwa sababu lile shati sikuliona tena likiwa bluu.

Mchana, kama saa saba hivi, nilikuwa navisha kochi la daktari wa meno, nimezungukwa na wateja wawili waliokuja kuchagua vitambaa. Mzee Randa alikuwa anapiga misumari. Simu ya karakana ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Futi, kwa namba yake, na picha yake na futi yake shingoni. Uliandikwa hivi, nausoma kama ulivyo: "Shangazi shikamoo kuna namba sita zimeingia hapo kwa bahati mbaya ni zangu nitumie haraka shangazi nina shida." Na kweli namba sita zilikuwa zimeingia dakika ileile.

Nilicheka hadi nikaweka mkasi chini. Mimi na mama yake Futi tumetoka tumbo moja. Kwake mimi ni mama mdogo. Shangazi ni dada wa baba, na baba yake Futi mimi hata kikombe cha maji simpi, sembuse kuzaliwa naye. Nikawasomea wote kwa sauti. Mzee Randa akasema, "Hongera. Leo umekuwa dada wa shemeji yako." Wateja wakaangua kicheko.

Afande ameuliza kwa nini hao watu wasijue namna Futi anavyoniita, wakati simu yake walikuwa nayo. Jibu ni kwamba mimi na Futi tunashinda chumba kimoja kutwa nzima. Mle kwenye simu tunatumiana picha za vitambaa na vipimo tu, hamna salamu, hamna mamdogo. Na namba hii ameihifadhi kwa jina la Karakana. Mtu wa nje hawezi kujua mwenye simu hii ni nani kwa Futi mpaka Futi mwenyewe aseme.

Nilipiga namba ya Futi. Iliita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Nikamwambia Mzee Randa, "Umeona? Tapeli hapokei." Na ndivyo tulivyofundishana. Kwenye grupu la mafundi wa mtaa tumebandika tangazo: ukiombwa namba mpigie mwenyewe, asipopokea ujue ni tapeli. Hakuna aliyeandika kwamba asiyepokea anaweza kuwa amefungwa mikono.

Hapo nikarekodi sauti. Afande ameisikia, na ameomba niitamke kwa ajili ya maandishi. Nilisema hivi:

"We mwizi wa mchana kweupe, tulia nikufundishe kazi. Mwenye hiyo simu ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja. Ananiita Mamdogo tangu hajaota meno. Futi hawezi kuniita shangazi hata awe amelewa, hata awe anakufa. Kwa hiyo aliyekwambia uniite shangazi amekuuza, mjinga wewe. Rudi ukamuulize vizuri."

Wateja walipiga makofi. Tiki mbili zikageuka bluu palepale, wameifungua. Nikachukua mkasi nikaendelea na kazi ya daktari wa meno, na kusema kweli nilikuwa nimefurahi.

Haukupita muda mrefu, sauti ikarudi kutoka namba ya Futi. Ilikuwa sauti yake. "Mamdogo. Ni mimi, Mamdogo. Tuma namba." Nyuma yake palikuwa na mtu anapumua kwa nguvu kama aliyetoka kubeba mzigo.

Mkasi niliuweka chini. Mzee Randa akasema, "Usiogope. Siku hizi wanatengeneza sauti kwa mashine. Mke wa muuza mbao alipigiwa na mumewe analia yuko mahabusu, na mumewe yuko mezani hapohapo anatafuna." Na ni kweli ilitokea, tuliicheka wiki nzima. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawapa neno. Dakika chache nyuma nilimwambia tapeli kwamba naitwa Mamdogo, na sasa tapeli ananiita Mamdogo. Nikaona nisiingizwe mjini uzeeni. Nikarekodi nyingine: "Kama wewe ni Futi, niambie jana tuligombania nini."

Jana yake tuligombania mahameli. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande wa kulala. Ukikata vipande viwili vimegeukiana, kochi moja litaonekana rangi mbili. Futi, ambaye hakosei, alikuwa amekosea mgongo mmoja, na nilimsema mpaka nikamwonea huruma. Hakuna mashine inayojua hilo, na hakuna mtu wa nne aliyekuwepo.

Jibu lilichelewa. Nilisimama na simu mkononi. Lilipokuja, mwanzo wake ulikuwa kishindo, kisha kingine, kisha mtu mwingine akasema, "Mjibu huyo mama yako." Halafu Futi. Alikuwa anaongea kama mtu mwenye kitu mdomoni. Alisema, "Ma-ha-me-li. Nili-geuza." Kisha akasema neno ambalo sikulielewa, na sauti ikakatika.

Meno yake niliyoyaona baadaye sakafuni, kwenye chumba alichofungiwa, yananifanya niamini kwamba yalitoka katika muda ule, wakati mimi nasubiri jibu la mtihani wangu.

Mzee Randa hakuwa na mzaha tena. Alikuwa ameshashika nyundo ya mbao, ile kubwa ya kugongea fremu. Nilichukua nyundo yangu ya misumari ya kochi na sindano ndefu ya kushonea migongo. Tulipanda gari la mizigo la jirani, Mzee Randa akaendesha. Geti la bati la kijani nilikuwa nalikumbuka, ingawa yule mteja wa adabu alikuwa ameshafuta maelekezo yake yote na picha ya kochi lake. Njiani Mzee Randa alipiga simu kituo hiki hiki. Aliambiwa mambo ya ujumbe wa simu yana dawati lake, aje na simu aandikishe. Andika na hilo, afande. Naona kalamu imesimama. Andika.

Njia nzima nilikuwa natuma sauti. "Namba zinakuja mwanangu, mtandao unasumbua." "Subiri nitafute miwani." Maneno yaleyale niliyokuwa nawachezea matapeli, ila sasa nayasema kwa kubembeleza. Kila nikituma, tiki zinageuka bluu. Nilijua maadamu wanasubiri namba, Futi yupo hai. Ndilo jambo pekee nililokuwa nalijua.

Tulifika kama saa tisa kasoro. Nyumba ile haijakwisha kujengwa, madirisha yamezibwa kwa mbao. Geti lilifungwa kwa ndani. Mzee Randa alirudi nyuma na gari akaligonga geti likalala. Mlango wa chumba cha kwanza ulifunguka na mtu akatoka, kijana mrefu mwenye raba nyeupe, ana simu mkononi. Ilikuwa simu ya Futi, naijua kwa kava lake. Yule alitaka kurudi ndani. Mzee Randa alimfikia akampiga nyundo ya mbao kwenye mkono, na mkono ulivunjika, nilisikia. Simu ikaanguka. Raba Nyeupe akakaa chini anaushika mkono anauangalia.

Nikaingia chumbani. Kochi lilikuwepo. Ndilo lile la kwenye picha, la watu watatu, limechakaa mikononi, na Futi alikuwa juu yake. Mikono yake ilifungwa kwa nyaya za umeme nyuma ya mgongo. Ile futi yake ya kupimia ilikuwa imezungushwa shingoni mara nyingi na kukazwa kwa kijiti. Uso sikuutambua. Nilimtambua kwa viatu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjwa kwa kurudi nyuma, mkono anaokatia. Mimi kazi yangu ni sponji, afande. Najua sponji ya mto wa kochi inanyonya kiasi gani kabla haijaanza kudondosha. Ile ilikuwa inadondosha.

Mtu wa pili alikuwa pale, mnene, amevua shati, ana nondo mkononi. Ndiye aliyekuwa anapumua kwenye sauti. Alinijia. Mzee Randa akaingia kati na nondo ikampata begani, akaanguka kwa magoti. Nilimchoma yule mnene sindano ya kochi pajani. Ni sindano ndefu kuliko kiganja na iliingia yote. Alipiga ukelele, akainama, nikampiga nyundo ya goti. Akaenda chini. Nondo niliisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

Akiwa chini akaanza kujitetea, mikono juu, anaongea harakaharaka. Alisema, "Si sisi, mama, ni yeye! Tulimuuliza simu ya karakana anashika nani, akasema ni shangazi yangu, mwiteni shangazi! Yeye mwenyewe ndiye alisema! Angesema kweli tungemwachia zamani!"

Nilisimama. Mpaka wakati ule nilikuwa sijalielewa. Futi alikuwa amefungwa mikono, ana watu wawili wenye nondo mbele yake, na alikuwa na neno moja tu la kuniletea. Alilichagua vizuri. Alijua nikiliona tu nitajua si yeye anayeandika kwa hiari yake, nitakataa kutuma namba, na nitakuja kumtafuta alikokwenda. Wale walikuwa wameliamini. Mimi nililiona, nikalielewa nusu, ile nusu ya kunifanya nionekane mjanja, kisha nikawafafanulia wao iliyobaki kwa sauti yangu mwenyewe, na kuwaambia wakamuulize vizuri.

Kisha nilimpiga yule mnene kwa nyundo. Alikuwa chini na hana silaha. Nilimpiga mdomoni, kisha nikampiga tena mdomoni. Andika mdomoni. Sikumpiga kwa kujihami. Nilimpiga kwa sababu alikuwa amesema kweli na nilitaka anyamaze.

Watu wa karakana ya betri walikuwa wameingia kwa kelele za geti. Walimwona Futi kwenye kochi na hawakuuliza. Walimtoa Raba Nyeupe uani wakamshukia kwa mawe na vyuma vya magari. Nilimsikia analia kwa sauti ya mtoto. Mmoja alikuja na dumu la mafuta. Mimi sikuwazuia, nilikuwa nakata nyaya kwa mkasi wangu na mkasi ulikuwa unateleza. Aliyewazuia ni Mzee Randa, bega limevunjika, amesimama mbele ya yule kijana mwenye uso uliofumuka anapiga kelele, "Mkimwua huyu, aliyemtuma atacheka! Mwacheni aseme!" Walimsukuma na yeye, wakampiga kofi. Kisha gari la polisi likafika, sijui nani aliliita, na hapo afande mwenyewe ni shahidi.

Futi nilimbeba miguu, watu wawili wakambeba mabega. Ndani ya gari la mizigo, kijana wa karakana ya betri akiendesha, nilimlaza kwenye vipande vya magodoro tunavyobebea makochi. Nilimfungua ile futi shingoni. Alivuta pumzi moja kubwa, damu ikatoka mdomoni na puani, akanishika kiganja kwa vidole vilivyobaki vizima. Nilimwita jina lake halisi, ambalo hatuliiti karakanani. Jicho moja lilikuwa bado linafunguka na lilinitazama njia nzima. Halikuwa na hasira, na hilo ndilo linalonimaliza. Tulipofika hospitali lilikuwa limeshafumba.

Madaktari walisema fuvu limepasuka nyuma ya sikio, taya limevunjika, na figo moja imepondeka. Walimfanyia upasuaji usiku huo. Mimi nilikaa nje na dada yangu.

Afande ameuliza kwa nini mtu anayetakiwa kutoa neno moja tu apigwe kiasi kile. Mganga wa zamu aliuliza hivyohivyo. Dada yangu pia. Dada yangu anajua kwamba matapeli walimteka mwanawe kwa kazi ya uongo, na kwamba mdogo wake alivunja geti akamfuata. Hilo tu ndilo analolijua. Jana asubuhi alinishika mikono mbele ya wauguzi akaniambia, "Asante mdogo wangu. Mwingine angeogopa." Nilimwambia anywe chai.

Alipokwenda kunawa uso, nilichukua simu ya karakana nikaifungua ile sauti. Nikaibonyeza kwa kidole mpaka simu ikaniuliza, nifute kwangu peke yangu au nifute kwa wote. Simu ya Futi iko kwenu, na nilijua kwamba kwa wote ni pamoja na huko. Mzee Randa asingesema, namjua. Wateja wale wawili siwajui hata majina. Kidole kilikuwa juu yake, afande. Nilikitazama, na nikaona mtu aliyempiga mwenzake mdomoni ili anyamaze, sasa anataka kujinyamazisha mwenyewe. Nikaiacha. Nikaja hapa nikaikabidhi simu kabla sijabadili mawazo.

Wale wawili wana kesi yao na natumaini wataoza ndani. Wao ndio waliomvunja, si mimi, na wakili wao asije akaitumia sauti yangu kuwapunguzia. Lakini mkiniuliza walianza kumpiga saa ngapi kwa namna ile, nitawaambia: walianza tiki zilipogeuka bluu. Watu wa grupu la mafundi wameniomba niwaandikie tangazo jipya, maana wanasema mimi ndiye mjuzi wa mambo haya. Sijaandika. Nikiandika nitaandika maneno machache. Tapeli humwambii ulivyomgundua. Unanyamaza, na unakwenda kumtafuta mtu wako kwa miguu yako.

Nimemaliza. Niliyoyaona nimeyasema na niliyoyafanya nimeyasema, sikulazimishwa wala sikuahidiwa kitu. Sauti iliyomo kwenye simu ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika haya kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi na kusaini kila ukurasa. Sehemu inayohusu simu iliyopigwa kituoni nimeiacha kama alivyosema.

Alipokuwa anasaini ukurasa wa mwisho simu yake iliita. Aliyepiga ni dada yake. Shahidi alisikiliza, kisha akaiweka simu mezani ikiwa bado inaongea. Mpwa wake amefariki dunia saa tano na nusu asubuhi ya leo. Nilimpa maji, hakunywa.

Nilimweleza kwamba kosa katika jalada litabadilishwa kuwa mauaji. Nilimweleza pia kwamba, akitaka, naweza kurekebisha pale aliposema marehemu "ana" miaka ishirini na minne, "hupima" na "hukata". Alisema niache hivyohivyo.

Aliomba dada yake aruhusiwe kuingia chumba hiki, kwa kuwa ipo sauti anayotaka aisikie kutoka kwake mwenyewe kabla hajaisikia mahakamani. Nilimshauri asifanye hivyo leo. Alisisitiza. Mama wa marehemu alifika alasiri, na kielelezo hicho cha sauti kilichezwa mbele yangu. Shahidi alikuwa amesimama ukutani. Mama wa marehemu aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba ichezwe tena.

Sahihi ya afisa: (amesaini)